Maneno Yale Matamu, Nani Kayaandika?

*Sauti unaijua, sura ya muigizaji unaikumbuka, na wimbo wenyewe umewahi kumtumia mpenzi wako. Lakini yale maneno ni ya nani? Makala hii inakupeleka kwa watunzi wa nyimbo za filamu za Kihindi za zamani, na ina swali moja kwako na mwenzi wako.*

Hebu tufanye mchezo mdogo, wewe na mwenzio hapo kwenye kochi. Chagueni wimbo mmoja wa filamu ya Kihindi ya miaka ile ya 1950 au 1960, ule ambao wazee wakiusikia wanatulia tuli. Nani kaimba? Hapo majina yanakuja haraka: Lata Mangeshkar, Mukesh, Mohammed Rafi. Nani kaigiza? Raj Kapoor na Nargis, hilo nalo halina shida. Haya, swali la tatu: nani katunga maneno?

Kimya. Mnaangaliana.

Msijilaumu sana, kwani hata huko India kwenyewe watunzi walipigania miaka mingi jina lao litajwe. Lakini kimya hicho kina jambo ndani yake, hasa kwa sisi tulio kwenye mapenzi au kwenye ndoa. Tunaazima maneno kila siku. Tunaforwadi meseji, tunatuma nyimbo, tunaweka mistari ya watu kwenye picha zetu. Maneno yanafika kwa mpenzi, moyo unafurahi, na aliyeyatoa kifuani mwake hatumjui. Mbaya zaidi, ya kwetu wenyewe hatujayasema.

Midomo ya mmoja, moyo wa mwingine

Pale Nkende, Tarime, na kwingineko kwa Wakurya, mwenye maneno ana heshima yake. Mpiga litungu anakaa na ala yake ya nyuzi, anapiga na kuimba mwenyewe. Akisifu, amesifu yeye. Akisema jambo la kuuma, lawama ni zake. Msikilizaji hana haja ya kuuliza maneno yametoka wapi.

Kwenye filamu za Kihindi mambo yaligawanywa. Mara nyingi mtunzi wa muziki alitengeneza lahani kwanza. Mshairi akapewa lahani hiyo na kuelezwa kisa: hapa kijana anampenda binti, hapa wanaachana, hapa mama analia. Akatafuta maneno yanayokaa sawasawa ndani ya lahani. Kisha mwimbaji akaingia studio kurekodi, na mwisho kabisa muigizaji akasimama mbele ya kamera akichezesha midomo.

Ukihesabu, neno moja la "nakupenda" limepita kwa watu wanne. Na yule kijana mtanashati unayemwona kwenye skrini, ambaye kina dada wengi walimwota, hakusema hata neno moja la kwake!

Utasema: "Mimi Kihindi sikijui, maneno yananihusu nini?" Yanakuhusu kuliko unavyodhani. Wengi wa watunzi wakubwa wa enzi ile, kama Sahir Ludhianvi, Majrooh Sultanpuri na Shakeel Badayuni, walikuwa washairi wa Kiurdu, lugha iliyobeba maneno mengi ya Kiarabu na Kiajemi. Kiswahili nacho kimechota Kiarabu. Ndiyo maana ukitega sikio unakutana na ndugu zako: *duniya* ni dunia, *safar* ni safari, *waqt* ni wakati, *khabar* ni habari, *umr* ni umri, *ashiq* ni ashiki. Na *mohabbat*? Hiyo ni mahaba, haihitaji mkalimani.

Awaara ilipotua kwetu

Filamu ya *Awaara* ilitoka mwaka 1951. Jaji mmoja anamfukuza mke wake mjamzito kwa kumshuku tu, mtoto anakulia mtaani na kuwa mwizi, halafu anampenda binti mwanasheria ambaye mwishowe anamtetea mahakamani. Filamu hiyo ilizunguka dunia, ikapendwa hadi Urusi na China, na kwetu ilishika ile mbaya. Mwanahistoria Laura Fair, ambaye mwaka 2018 alitoa kitabu cha *Reel Pleasures* kuhusu majumba ya sinema ya Tanzania, aliongea na wazee waliokuwa vijana Zanzibar wakati huo. Kumbukumbu zao zinaonyesha kuwa *Awaara* haikuwa burudani tu. Vijana walitoka sinema wakijadiliana: je, mtu aolewe na anayempenda au anayechaguliwa na wazazi? Je, mtoto alipe kwa makosa ya baba?

Nyuma ya nyimbo za *Awaara* kulikuwa na watunzi wawili wa maneno. Mmoja alitoka karakana ya reli, mwingine alikuwa kondakta wa basi. Maisha yao ni filamu nyingine kabisa.

Shailendra: hela ya mke mjamzito

Shailendra alizaliwa mwaka 1923. Akiwa kijana alifanya kazi kwenye karakana ya reli huko Bombay, jiji ambalo leo linaitwa Mumbai, na jioni akisoma mashairi kwenye mikutano. Mwaka 1947 Raj Kapoor alimsikia akisoma shairi, akavutiwa, akataka kulinunua aliweke kwenye filamu. Shailendra akakataa katakata. Mashairi yake hayakuwa bidhaa ya dukani.

Kumbe maisha yalikuwa yanamsubiri kwenye kona. Mke wake akashika mimba, na nyumbani hela hakuna. Mwanaume yule mwenye msimamo akajikaza, akarudi kwa Raj Kapoor mwenyewe na kusema yuko tayari. Akaandika nyimbo mbili za filamu ya *Barsaat*, iliyotoka mwaka 1949, na malipo yake yakawa rupia 500.

Kaka yangu unayesoma hapa, tulia kidogo kwenye hilo. Safari ya mmoja wa watunzi wakubwa kabisa wa India ilianzia kwenye bajeti ya nyumbani. Alimeza fahari yake kwa ajili ya mke na mtoto, na kwa kuimeza hakupoteza ushairi wake. Tuzo za Filmfare zilipoanza kumtambua mtunzi wa maneno mwaka 1959, wa kwanza kabisa kuipokea alikuwa yeye, kwa wimbo wa filamu ya *Yahudi*.

Mwisho wake lakini unaumiza. Aliamua kutengeneza filamu yake mwenyewe, *Teesri Kasam*. Ilipotoka mwaka 1966 haikuuza, na madeni yakamwelemea. Alifariki tarehe 14 Desemba mwaka huohuo akiwa na miaka 43 tu. Baadaye *Teesri Kasam* ikapewa tuzo ya taifa ya filamu bora. Yeye hakuwepo kuiona.

Hasrat: barua iliyochelewa

Mwenzake alikuwa Hasrat Jaipuri. Huyu kabla ya umaarufu alikuwa kondakta wa basi Bombay, akikata tiketi mchana na kutunga mashairi usiku. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana huko Jaipur alimpenda binti jirani aliyeitwa Radha. Hasrat alikuwa Mwislamu, Radha alikuwa Mhindu, na mambo ya dini na familia hata sisi huku tunayajua. Akamwandikia barua ya mapenzi kwa mashairi, na barua yenyewe hakuwahi kuwa na uhakika kama ingemfikia.

Miaka ikapita. Mwaka 1964 Raj Kapoor akatoa filamu ya *Sangam*, na maneno ya barua ile yakawa wimbo ndani yake. Na msichana wa kwenye filamu anaitwa nani? Radha! Maneno aliyokusudia mtu mmoja yakasikiwa na mamilioni, na maharusi wasiohesabika wakayafanya ya kwao.

Sahir: bingwa wa maneno, bubu wa mapenzi

Wa tatu ndiye anayenigusa zaidi. Sahir Ludhianvi alizaliwa mwaka 1921 katika mji wa Ludhiana. Baba yake alikuwa tajiri mwenye mashamba. Mama yake aliamua kuondoka kwenye ndoa ile na kumlea mwanawe peke yake, katika maisha ya shida na hofu ya kunyang'anywa mtoto. Sahir akakua na uchungu ule, na ukisikiliza nyimbo zake utausikia. Filamu ya *Pyaasa* ya mwaka 1957, ambayo aliiandikia nyimbo, ni kisa cha mshairi ambaye dunia haimthamini mpaka inapodhani amekufa.

Sahir hakukubali kudharauliwa. Inasemwa sana kwamba alidai alipwe rupia moja zaidi ya Lata Mangeshkar, mwimbaji mkubwa kuliko wote. Rupia moja tu! Haikuwa njaa ya pesa. Alitaka ieleweke kwamba bila maneno, ile sauti nzuri haina cha kuimba. Anatajwa pia miongoni mwa waliopigania watangazaji wa redio wataje jina la mtunzi pamoja na la mwimbaji.

Lakini nyumbani? Mwandishi wa Kipanjabi Amrita Pritam alimpenda mno. Katika kitabu cha maisha yake, *Rasidi Ticket*, anaeleza jinsi Sahir alivyokuwa akija kumtembelea, anakaa, anavuta sigara moja baada ya nyingine, na haongei. Akishaondoka, Amrita anaokota vile vipande vya sigara na kuvihifadhi. Mtu aliyeandika maneno ya mapenzi kwa nchi nzima alikaa mbele ya anayempenda akashindwa kufungua mdomo. Sahir hakuoa hadi kifo chake mwaka 1980. Amrita alikuja kuishi miaka mingi na msanii Imroz, mchoraji aliyekuwepo kila siku.

Dada yangu, huenda unamjua mtu wa aina hiyo. Anakutumia wimbo saa sita usiku, lakini ukimwuliza "sisi ni nini?" anaangalia simu.

Mombasa walifanya la kwao

Sasa ona ujanja wa ndugu zetu wa pwani. Walizipenda lahani za Kihindi kama sisi, lakini hawakuishia kuimba wasichokielewa. Mwimbaji wa Mombasa Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki Aprili 2014, alipata sifa kubwa kwa taarabu yenye lahani za filamu za Kihindi na ndani yake mashairi safi ya Kiswahili. Hayakuwa tafsiri. Yalikuwa mambo ya hapahapa: wivu, usaliti, subira, ahadi iliyovunjwa.

Na nyuma yake naye alikuwepo mwenye maneno. Baadhi ya mashairi aliyoimba yalitungwa na ndugu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake ya *Malenga wa Mvita* ilichapishwa mwaka 1971. Malenga huyo alifanya kazi ileile ya Shailendra: kupima mizani, kulinganisha vina, kutafuta neno linaloingia kwenye lahani bila kuivunja na bila kudanganya moyo. Ukiwauliza wengi wanaoipenda taarabu hiyo, jina la mwimbaji watalitaja papo hapo. La mtunzi watajikuna kichwa.

Sasa wewe na mwenzio

Hatusemi uache kumtumia mpenzi wako nyimbo. Tuma, wimbo ni zawadi. Ila kuna mambo matatu ya kufanya.

Kwanza, jua maana. Kuna nyimbo za Kihindi laini kama hariri ambazo maneno yake ni ya kuagana, ya kusalitiwa au ya kumlilia marehemu. Usije ukaingia nazo ukumbini siku ya harusi, mnatabasamu, kumbe wimbo unasema "kwaheri ya kuonana". Siku hizi tafsiri hazikosekani, tafuta kabla hujampa DJ orodha.

Pili, taja jina. Unapotuma wimbo, mwambie mwenzio nani kautunga. Inachukua sekunde tatu, na ndiyo heshima ambayo Sahir aliidai kwa rupia moja. Fanya hivyohivyo kwa watunzi wa kwetu.

Tatu, na hapa ndipo penye kazi, ongeza mstari mmoja wa kwako. Usiogope kwamba hautakuwa mtamu. Malenga anahitaji vina. Mume au mke anahitaji ukweli: "Nilikuona juzi umechoka, ukampikia mgeni wangu bila kununa. Asante." Hakuna mtunzi wa Bombay wala wa Mombasa anayeweza kukuandikia huo, maana hakuwepo jikoni kwenu.

Kama unafanya kazi mbali, yeye yuko Nkende na wewe uko Mwanza au Dar es Salaam, mstari huo una uzito zaidi. Wimbo anaweza kuusikia popote, hata kwenye basi. Maneno yako hawezi kuyapata kwingine ila kwako.

Sahir aliacha nyimbo zinazoimbwa hadi leo, na mwanamke aliyempenda akabaki na vipande vya sigara. Je, wako utamwachia nini? Mwandikie leo, hata kama ni mistari miwili.