Je, Wajua? Lushoto Iliwahi Kuitwa Wilhelmstal

Lushoto, mji wa milima ya Usambara mkoani Tanga, uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walioukimbilia kukwepa joto la pwani waliuita Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari wao.

Lakini kabla yao, moyo wa milima hii ulikuwa Vuga, makao ya wafalme wa Kilindi waliowatawala Washambaa. Mmoja wao, Kimweri ye Nyumbai, alieneza himaya yake hadi kukaribia pwani katika karne ya 19. Habari za Mbegha, mwindaji aliyeanzisha ukoo huo, ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Anayepanda Usambara bila kukisoma kitabu hicho anajinyima nusu ya safari.

Barabara ya kwenda Lushoto inachepuka Mombo na kupanda kona kwa kona kupitia Soni, penye maporomoko ya maji. Kutoka Lushoto mjini unaweza kutembea kwa miguu hadi Irente, ambako jabali linakatika ghafla na nyika ya Wamasai imetandaa chini kabisa.

Hata saintpaulia, ua la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya, lina asili huku: mbegu zake zilipelekwa Ujerumani katika miaka ya 1890.

Ukienda Juni au Julai, beba sweta zito, na umchukue mwongozaji mwenyeji. Njia za msituni anazijua yeye.