Vyumba vya Pua na Mlango Wake

Katika Ngenge, wilayani Muleba, kama katika nchi yote ya Kagera, hakuna mtoto asiyejua mafua. Mafua mengi huondoka yenyewe kwa siku saba au kumi. Lakini pengine hayaondoki: kamasi hugeuka usaha, na shavu au paji la uso huuma, hasa mtu akiinama. Wengi huyaita maumivu hayo kipandauso. Yafaa kujua asili yake, maana asiyejua asili ya ugonjwa hutafuta dawa mahali pasipo pake.

Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vyenye hewa: katika mashavu, juu ya macho, kati ya macho, na nyuma zaidi. Kila chumba kina mlango mdogo wa kutokea puani. Kuta zake zimefunikwa na ngozi laini yenye ute, na juu ya ngozi hiyo mna vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu. Kazi yake ni kuusukuma ute mpaka mlangoni, usiku na mchana, utoke pamoja na vumbi na vijidudu.

Mlango wa chumba cha shavu uko juu, kama mdomo wa mtungi. Maji hayatoki mtungini ukiwa umesimama wima. Vivyo hivyo ute hautoki chumbani pasipo vinyweleo kuupandisha. Mafua yakija, ngozi huvimba, mlango huziba, ute hukaa ndani, na vijidudu huzaana humo. Moshi wa kuni hudhoofisha vinyweleo. Tena jino bovu la juu laweza kuleta usaha chumbani, kwa kuwa mizizi yake i karibu.

Mwaka 1893 daktari Caldwell wa New York, na mwaka 1897 daktari Luc wa Paris, walieleza njia ya kukata ufizi chini ya mdomo wa juu, kutoboa mfupa wa shavu, kukwangua ngozi ya chumba, na kufungua tundu jipya chini ili usaha utiririke. Wengi walipata nafuu, lakini wengine hawakupona. Baadaye daktari Messerklinger wa Graz, katika nchi ya Austria, alitazama ndani ya pua kwa bomba jembamba lenye taa. Akaona kwamba vinyweleo hulipita tundu jipya, na kuupeleka ute kwenye mlango ule ule wa asili. Basi shauri likabadilika: lililo lazima ni kufungua mlango wa asili, na ngozi iachwe ipone yenyewe. Toka miaka ya 1980 upasuaji wa namna hii umeenea duniani. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, na bomba lenye unene wa milimita 4 hupitishwa puani, uso haukatwi.

Wala si kila mgonjwa hupasuliwa. Kwanza hutumiwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa na kupoa, ya kuoshea pua. Kisha dawa ya kupuliza puani, na dawa ya kuua vijidudu ikiwa mganga ameona inafaa. Asiyepona kwa majuma 12 apelekwe kwa madaktari wa masikio, pua na koo, kama walioko Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971.

Kukata kimeo na kuchanja chale pajini hakufungui mlango huo. Huleta damu na vidonda tu. Mtoto mdogo akitoka usaha wenye harufu mbaya katika tundu moja la pua, huenda ametia punje ya haragwe humo. Isichokolewe kwa kijiti, bali apelekwe zahanati. Na jicho likivimba pamoja na homa, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile, asingoje kesho, maana kati ya jicho na vyumba vya pua mna ukuta wa mfupa mwembamba kama karatasi.