UCHUNGU UNATAFUTA SAUTI

Mazungumzo ya redio juu ya amani na maisha ya pamoja, Lubumbashi



Mazungumzo ya leo ni kwa familia zilizofika hapa Lubumbashi bila kupenda, zikiacha nyumba, mashamba na makaburi. Ni pia kwa machefu wa kartie na wa avenu wanaozipokea. Tutazungumza juu ya sauti ya mtu: kulia, kuimba, kutaja majina, kusimulia yaliyompata.

Najua wengine watauliza: «Watu wana njaa, nanyi mnatuletea habari ya nyimbo?» Swali hilo ni la haki. Wimbo haujazi sufuria. Lakini mtu aliyefungwa na uchungu hatafuti kazi vizuri, halei watoto vizuri, na hasira yake inamwangukia aliye karibu: mke, mtoto, au jirani wa kabila lingine. Ndiyo maana jambo hili ni la amani.

Uchungu wa kila mmoja

Eneo letu limeona mengi. Katika miaka ya 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, na wengi walilala siku nyingi karibu na stesheni wakingojea treni. Baadaye watu wa Mitwaba, Pweto na Manono walikimbia vita vya wanamgambo. Kuanzia mwaka 2013, mapigano kati ya Watwa na Waluba huko Tanganyika yalihamisha vijiji vizima. Kila kundi lina uchungu wake, na mara nyingi linafikiri uchungu wa wengine ni mdogo. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu mtu asiyesikilizwa hana nafasi moyoni ya kumsikiliza mwingine.

Wazee walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Uchungu uliofichwa hautoki mwilini kwa kunyamaziwa. Unarudi usiku katika ndoto mbaya, unarudi katika maumivu ya kichwa na ya mgongo, unarudi katika pombe.

Kilio kilichokosekana

Tuangalie desturi yetu. Mtu akifa hapa mjini, tunakwenda kwenye kilio. Watu wanakaa pamoja, mama wanaimba, wengine wanalala papo hapo. Anayetaka kulia analia, na hakuna anayemwambia anyamaze. Tazameni hekima iliyomo: uchungu umepewa mahali pake, siku zake, na watu wa kuubeba pamoja na mwenye nao. Siku zikiisha, mtu anaoga, anarudi kwenye kazi.

Lakini mtu aliyekimbia usiku aliacha maiti njiani. Hakuzika, hakukaa kilio. Miaka inapita, na yeye bado yuko palepale, siku ileile. Kwa mtu wa namna hiyo, kilio kinaweza kufanyika hata kama kimechelewa. Familia inachagua siku, inakusanyika lupangoni, inataja majina ya waliobaki nyuma mmojammoja, inaimba nyimbo zake, inalia, kisha inakula pamoja. Si lazima kutumia franka nyingi. Jambo kubwa ni majina yatamkwe kwa sauti, mbele ya watu.

Kujitaja jina

Waluba wa Kasai wana desturi inayoitwa kasala. Ni utenzi wa kusifu: unataja jina la mtu, wazazi wake, mababu zake, mahali walipotoka na mambo waliyoyatenda. Unasikika katika furaha, na hasa katika kilio. Mwalimu mmoja Mkongomani, Jean Kabuta, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Gent nchini Ubelgiji, alichukua desturi hiyo akaifanya shule kwa watu wa mataifa yote: kila mtu ajifunze kujisifu kwa ukweli, na kumsifu mwenzake.

Kwa nini jambo hili linamfaa mtu aliyehamishwa? Kwa sababu vita vinamnyang'anya mtu jina. Jana alikuwa mvuvi, fundi, mwalimu, mama wa kikundi cha kwaya. Leo kwenye orodha ya msaada yeye ni namba tu, au ni «yule mkimbizi». Akisimama katika kikundi na kusema: «Mimi mwana wa wavuvi wa ziwa Moero, mjukuu wa mama aliyepokea watoto wa kijiji kizima, mikono yangu inajua kusuka nyavu», anajikumbusha mwenyewe, na anawafundisha jirani zake, kwamba yeye si mzigo. Kila kabila lina njia yake ya kutaja ukoo. Tumieni yenu, na mwenye kabila lingine aalikwe kusikiliza na kutaja yake.

Pumzi na sauti ndogo

Kuna pia zoezi dogo ambalo kila mtu anaweza kulifanya, hata peke yake usiku. Kaa, miguu yote miwili iguse chini. Vuta pumzi kwa pua taratibu, ukihesabu mpaka tatu. Kisha itoe polepole, midomo imefungwa, ukitoa sauti ya «mmm» mpaka hesabu ya sita. Rudia mara kumi. Mtu anapoogopa, moyo unakwenda mbio na pumzi inakuwa fupi. Pumzi ndefu ya kutoka inausaidia moyo kupunguza mwendo, na mwili unapata habari kwamba kwa sasa hatari haipo. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kama kawaida. Kuimba polepole pamoja na wengine kunafanya kazi inayofanana na hiyo, kwa sababu anayeimba lazima arefushe pumzi yake.

Msidhani haya ni maneno matupu. Kaskazini ya Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, watafiti walifanya kazi na wanawake 694 wa Sudan Kusini. Sehemu yao waliingia katika vikundi vya watu kati ya 20 na 30, wakakaa vikao vitano, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa katika lugha yao iliyowafundisha kutuliza mawazo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: miezi mitatu baada ya vikao, wanawake hao walikuwa na mateso ya moyo madogo kuliko wenzao ambao hawakuingia katika vikao hivyo.

Lakini kuna mipaka. Usimlazimishe mtu kusimulia, hasa mama aliyetendewa jeuri na mtoto aliyeona mauaji. Kukaa tu karibu naye ni msaada. Aliyosimulia yasitoke nje ya kikundi. Na mtu asiyelala wiki nyingi, asiyekula, anayesema anataka kufa, au anayesikia sauti zisizokuwepo, apelekwe kwa muganga wa kituo cha afya bila kukawia. Hapa Lubumbashi kuna pia kituo cha Joseph Guislain kwa magonjwa ya akili na ya neva. Kumpeleka mtu huko si aibu.

Sheria inasema nini

Mimi ni mtu wa sheria, niruhusuni niongeze neno. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 23, inampa kila mtu haki ya kujieleza kwa neno, kwa maandishi na kwa picha, akiheshimu sheria, utulivu wa watu wote na adabu njema. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 22 kwamba kuhamishwa hakumwondolei mtu haki hiyo, wala haki ya kuongea katika lugha anayoielewa. Basi mtu asiambiwe: «Wewe ni mgeni, nyamaza.»

Haki hiyo ina mpaka. Kuna sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Kulia na kusema «waliniulia mtoto» ni haki yako. Kuimba «kabila fulani litoke, kabila fulani lilipe» ni kuwasha moto. Tukumbuke Rwanda. Tarehe 2 Desemba 2008, mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu mwimbaji maarufu Simon Bikindi kifungo cha miaka 15. Kosa lililomtia hatiani halikuwa kutunga nyimbo. Lilikuwa maneno aliyoyatoa barabarani kwa kipaza sauti, mwezi Juni 1994, akiwachochea watu kuwaua Watutsi. Mdomo uleule uliofurahisha watu kwa nyimbo ndio uliotoa maneno ya mauaji.

Neno kwa machefu

Wakubwa wa mitaa, mara nyingi mnaletewa mashtaka: wageni wanaimba usiku, wenyeji hawalali. Msikimbilie polisi, na msiwaache wenyeji bila jibu, kwani makelele ya usiku yanakatazwa. Iteni pande zote mbili. Patanisheni juu ya mahali na saa, kwa mfano jioni mpaka saa mbili, na usiku wa kilio kwa taarifa. Kisha alikeni wenyeji nao waje. Mtu aliyesikia jirani yake akitaja majina ya wafu wake, kesho itamwia vigumu kumtukana kisimani.

Ndugu wasikilizaji, uchungu unatafuta sauti. Tukiufungulia mlango mzuri utapita hapo. Tukiufungia, utavunja ukuta.

Kwaherini, na amani iwe nanyi.

*Maswali ya kuzungumza katika vikundi*

1. Katika avenu yetu, nani hajapata nafasi ya kulilia wafu wake? Tunaweza kumsaidia namna gani?
2. Katika kabila lako, mtu anatajaje ukoo wake? Jaribuni mmoja baada ya mwingine.
3. Je, kuna nyimbo au maneno tunayoyazoea ambayo yanamuumiza jirani? Tufanye nini nayo?
4. Wenyeji na wageni wanaweza kupatana juu ya saa gani na mahali gani pa kuimba?