Kuzima Moto kwa Ujirani

Ukiutazama mji wa Bagamoyo kutoka baharini, utaona nyumba za mawe karibu na pwani, na nyuma yake mitaa ya nyumba za udongo. Zamani, misafara ya pembe ilipokuwa ikishuka kutoka Tabora na Ujiji, mitaa hiyo iliezekwa makuti. Kuti la mnazi ni ezeko jema: ni jepesi, hupitisha upepo, na nyumba hukaa baridi hata jua likiwa utosini. Lakini likikauka, hasa Januari na Februari kaskazi ivumapo, huwa kama baruti. Cheche moja ya jikoni yatosha, na paa zima huwaka kwa dakika chache, huku vipande vyenye moto vikipeperuka hata mtaa wa pili. Wala nyumba ya mawe haikuwa salama, maana nyingi zilivikwa paa la makuti juu ya dari, na dari yenyewe ni boriti za mikoko.

Mwanafunzi huenda akauliza: bahari iko mlangoni, mji waunguaje? Ufuko wa Bagamoyo una mteremko mdogo mno. Maji yakipwa hukimbia mbali, hata majahazi hulala juu ya mchanga. Moto ukizuka saa hiyo, kilichobaki ni kisima, na kisima hutoa ndoo moja moja. Katika vita vya 1888 na 1889, Abushiri bin Salim alipopigana na Wajerumani, watu wengi walikimbilia misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, na nyuma yao majumba yaliteketea.

Katika miji ya makuti, yowe likipigwa, wenye akili hawakwenda kwanza kwenye nyumba iwakayo. Hiyo imekwisha kwenda. Walipanda mapaa ya upande uendako upepo, wakayalowesha, au wakayang'oa makuti kabisa ili moto ukose chakula. Shida ilikuwa mpango. Huyu amebeba sanduku lake, yule anatazama tu, na mwizi naye yumo katika kundi akijifanya msaidizi.

Shida hiyo hiyo iliwapata watu wa Philadelphia, huko Marekani, walipokuwa bado chini ya Uingereza. Bwana Benjamin Franklin, mpiga chapa, aliandika gazetini mwake mwaka 1735 kuwaonya watu wanaochukua makaa ya moto katika koleo wazi kutoka chumba hata chumba. Bibi zetu waliokwenda kupalia moto kwa jirani wangemwelewa mara moja! Mwaka uliofuata, Desemba 1736, yeye na wenzake wapatao 30 waliunda chama cha kuzima moto, kilichoitwa Union Fire Company. Hawakulipwa mshahara. Kila mwanachama aliahidi kuweka nyumbani kwake ndoo za ngozi, na mifuko na vikapu imara vya kuokolea mali, na kuvileta kila moto uzukapo. Wengine walisimama mlangoni kulinda vyombo visiibiwe. Walikutana jioni moja kila mwezi kuzungumza juu ya moto, na asiyefika alitozwa faini. Nami naona hiyo faini ndiyo iliyokuwa werevu mkubwa, kwa kuwa kwayo walinunua bomba, ngazi na kulabu za kuvutia mapaa. Wengine walipotaka kuingia waliambiwa waunde chama chao, na vyama vikazidi, kimoja baada ya kingine. Mji uliendelea hivyo mpaka mwaka 1871, ulipoanza kuwa na kikosi cha kulipwa. Hata leo zaidi ya nusu ya wazima moto wa Marekani ni watu wa kujitolea.

Hapa kwetu kuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2007, nalo huitwa kwa simu namba 114. Lakini gari huanza safari baada ya kuitwa. Hata katika jiji la Dar es Salaam, soko la Kariakoo liliungua Julai 2021. Na kuti halijakwisha: lililofukuzwa na bati mitaani limerudi ufukoni kwa heshima, na hoteli za wageni kutoka Kunduchi hata Bagamoyo huezeka kwalo kumbi ndefu kupita nyumba yo yote ya zamani.

Mtaa usio na bomba waweza kuanza na mapipa mawili ya maji yasiyoguswa kwa kufulia, madebe ishirini yenye vishikio, ngazi moja, na pembo tatu ndefu, zile zile za kuangulia maembe, zikitiwa kulabu za chuma. Kisha daftari la majina: nani hupanda paa, nani huteka kisimani, nani husimama na vyombo vya watu, na nani hukimbia kupiga simu.