Uhalifu wa kata kwa kata: takwimu za Gorong'a husomwaje?

Kiwango cha uhalifu hupatikana kwa kugawa idadi ya matukio yaliyoripotiwa kwa idadi ya wakazi, kisha kuzidisha kwa 100,000. Katika mji wa watu milioni hesabu hii hufanya kazi vizuri. Katika kata ya watu 10,000 hupotosha kwa urahisi: mauaji ya mtu mmoja hufanya kiwango kiwe 10, na koo mbili zikipigania mpaka siku moja wakafa watatu, kinaruka hadi 30. Mwaka unaofuata pengine hakuna aliyeuawa, kiwango kinasoma sifuri, nao ugomvi wa mpaka uko palepale.

Kata ya Gorong'a ina ugumu wake mwingine. Iko Wilaya ya Tarime, inayopakana na Serengeti, na wilaya hizi mbili za Mkoa wa Mara kipolisi haziko pamoja. Tarime imo katika Kanda Maalumu ya Tarime/Rorya, yenye kamanda wake, ilhali Serengeti iko chini ya kamanda wa Mkoa wa Mara. Ng'ombe wakiibwa upande mmoja na kukamatwa upande wa pili, shauri moja huwa na makamanda wawili. Kanda hiyo yenyewe ilianzishwa kwa sababu ya mapigano ya koo na wizi wa mifugo, kwa hiyo si ajabu ikionekana na mafaili mengi kuliko mikoa ya kawaida.

Wizi wa mifugo ndio mzizi wa sehemu kubwa ya hofu. Mtafiti Michael Fleisher, aliyeandika juu ya Wakurya wa Tarime mwishoni mwa karne iliyopita, alieleza jinsi uvamizi wa zamani ulivyogeuka biashara ya fedha taslimu, mifugo ikivushwa mpaka kwenda kuuzwa Kenya. Wavamizi wengi walikuwa wakiziibia koo nyingine za Kikurya. Silaha za moto ziliongezeka baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Hapo wizi wa zizi ulizidi kuzaa maiti, na kila maiti kuzaa kisasi.

Kabla ya polisi kufika, kijiji kina utaratibu wake: yowe hupigwa, vijana hufuata nyayo, na zikiishia kijiji fulani wenyeji wake hutakiwa kuonyesha zilikoelekea. Sungusungu, walinzi wa vijiji walioanzia Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliupa msako huo sura ya serikali. Ng'ombe wakirudi na faini ikalipwa mbele ya wazee, mara nyingi hakuna anayekwenda kituoni, na tukio halihesabiwi popote.

Majeruhi wa kipigo naye, ili atibiwe, mara nyingi hutakiwa kupata fomu ya PF3 kutoka polisi. Aliyechomwa mshale usiku, mbali na kituo, ana sababu nyingi za kutoifuata. Upungufu wa aina hii ni mkubwa zaidi kwa wanawake na wasichana, kwa kuwa anayewapiga au kuwapeleka kukeketwa mara nyingi ni mtu wa nyumbani. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 imeharamisha ukeketaji wa walio chini ya miaka 18, lakini ukatili huo hupanda kwa msimu, hasa Desemba, na wastani wa mwaka huuficha. Dawati la jinsia la polisi likianza kupokea watu, namba za kata hupanda. Hapo kinachoongezeka kwanza ni uwazi.

Kwa hiyo orodha ya kata "hatari" na "salama" ya mwaka mmoja haifai kupangia doria wala kumtisha anayetaka kuhamia. Anayetaka picha ya kweli aombe namba za miaka mitano walau, za makamanda wote wawili, zikitenganisha mauaji, wizi wa mifugo na ukatili wa majumbani, kisha azilinganishe na daftari la zahanati na la sungusungu.