Makelele inaua usingizi, sponji inaua mutu

Ndugu wa posti ya usiku, tabu hii munaijua: unatoka ku kazi asubuhi, unalala, na jirani anafungua redio. Mu kambi moja, wenzetu walibandika sponji ya matela ku ukuta na kuziba dirisha na mabati. Tulipoiona, tuliogopa kuliko makelele yenyewe.

Juu ya nini? Kule Marekani, mu jimbo la Rhode Island, kulikuwa baa inaitwa The Station. Majirani walilalamikia makelele, wenye baa wakabandika sponji ku ukuta. Mu mwaka 2003 fataki za wanamuziki ziliiwasha, watu 100 wakafa. Mu 2013 ikawa vile vile Brazili, mu klabu Kiss ya muji wa Santa Maria: watu 242. Sponji ikiungua inatoa moshi wa sumu. Mutu anaanguka mbele ya kufika ku mulango.

Tena ile sponji haizuie makelele ya inje. Inapunguza tu mwangwi wa ndani. Kinachozuia sauti ni uzito: ukuta wa matofali ya kuchoma, mulango muzito usioacha nafasi chini. Kama ni lazima kujaza kitu katikati ya kuta, kuko pamba inayotengenezwa na mawe, ile haiwake.

Mambo haya arshitekti anapaswa kuyajua, na diploma ya zamani haitoshi. Chama cha arshitekti cha Marekani, AIA, kinadai kila arshitekti mwanachama asome saa 18 kila mwaka. 12 kati yazo ni za afya na usalama wa watu mu majengo. Sisi wa mugodi tunarudilia masomo ya usalama kila mara. Anayechora nyumba yetu ya kulala naye arudi ku darasa.

Kwa hiyo, kambi mupya ikipangwa, delege wa sindika aulize arshitekti maswali matatu. Makelele itazuiliwa na nini? Kitu kile kinawaka? Moto ukitokea usiku, watu watapita wapi? Pasipo majibu, tusitie saini.

Na ninyi bamama ku nyumba, musingojee: toeni sponji ku ukuta leo, fungueni dirisha. Usingizi tutaudai ku meza ya mazungumzo.