Nyumba ya Mama Haivunjwi Hivi Hivi

Alasiri, mawingu ya upande wa Ziwa Victoria yakishagota kwenye milima ya Kisii na Nyamira, mvua haibishi hodi. Hupiga mabati kwa kishindo, mara nyingine pamoja na mvua ya mawe, hata waliokaa kochi moja wasisikizane. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha chai na migomba, na ndiyo inayoangusha nyumba za zamani. Maji ya paa lisilo na mifereji hurukia ukuta wa udongo pale chini, mwaka hadi mwaka, mpaka fito zikachungulia nje. Watoto wakija Desemba kutoka Nairobi au Minnesota huzitazama fito hizo, wakaona haya, na uamuzi hupitishwa kabla chai haijapoa: ivunjwe, mama ajengewe ya matofali.

Uamuzi huo umejaa upendo. Umejaa haraka pia, na katika nchi ya Abagusii, wenyeji wa milima hiyo, nyumba si jambo la haraka.

Neno lenyewe linaeleza. Kwa Ekegusii, lugha yao, enyomba ni nyumba, na pia ni watoto wa mama mmoja. Zamani, mume mwenye wake kadhaa hakuwaweka chini ya paa moja; kila mke alikuwa na nyumba yake, na mali ikagawanywa kwa kufuata nyumba hizo. Riiga, yaani jiko la mafiga, nalo ni jina la tawi la ukoo. Hivyo, mtu anapotaja jiko la magokoro, bibi yake, ametaja chakula na nasaba kwa pumzi moja.

Wanaanthropolojia waliokaa huko, akiwemo Mmarekani Robert LeVine aliyefika miaka ya 1950, waliieleza nyumba ya kijadi kwa makini: ya mviringo, kuta za fito na udongo, paa la nyasi lililochongoka, bila madirisha. Ilikuwa na mlango wa mke na mlango wa mume. Ndani palikuwa na jiko, na juu ya mitungi ya pombe palikuwa na mahali pa mizimu ya wazee. Siku hizi nyumba ya namna hiyo ni adimu vijijini. Kwa miaka mingi, mtoto wa Kigusii aliyezaliwa Nairobi aliweza kuona mfano wake Bomas of Kenya, Lang'ata, kwa kulipa kiingilio.

Iliondokaje? Kahawa ilianza kupandwa na Waafrika wa Kisii miaka ya 1930, kisha pareto na chai zikafuata. Fedha za mashamba zikaleta mabati; nyumba ikawa ya pembe nne, na jiko likahamia kibanda cha nje. Hiyo ndiyo nyumba ambayo wengi wanaiita leo ya zamani: sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, picha za mahafali ukutani, kalenda za miaka iliyopita ambazo hakuna anayethubutu kuzibandua, na redio ya Egesa FM karibu na dirisha.

Kwa hiyo umbo limeshabadilika mara moja na kumbukumbu hazikupotea. Kilichobaki ni mahali na jiko. Kwa mila, kiwanja cha nyumba kikishawekwa rasmi hakihamishwi, na mama mwenye nyumba akifariki, mwili wake hulazwa nyumbani mwake kabla ya maziko, naye huzikwa papo hapo bomani. Anayeivunja nyumba ya mama kabla ya kusimamisha nyingine amemwondolea mahali hapo, na wazee wa Gusii hawalichukulii jambo hilo kwa wepesi hata wakiwa Waadventista au Wakatoliki waliokomaa.

Kuna pia hesabu ya ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba lililogawiwa wana watatu au wanne halina nafasi ya kuacha gofu hapa na kuanza msingi mpya kule. Kukarabati pale pale ni mila, na ni busara ya eneo pia.

Kazi yenyewe huanza na maji. Fundi mzuri hafikirii rangi kwanza. Huweka mifereji kwenye paa, akachimba mtaro wa kupeleka maji mbali, kisha akainua kitako cha ukuta kwa mawe. Halafu hugonga boriti za mkalitusi moja moja kusikiliza kama mchwa wameingia. Kosa linaloonekana kila kijiji ni kugongomea waya wa kuku juu ya ukuta wa udongo na kupiga plasta ya saruji. Udongo hupumua, ukavimba na kunywea. Saruji haifanyi hivyo. Unyevu hubaki ndani, na baada ya misimu michache plasta hubanduka vipande vizima. Udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi, au plasta ya chokaa, huelewana zaidi na ukuta huo.

Jiko la nje lifikiriwe kwa makini zaidi. Moshi wake huumiza kifua na macho, kwa hiyo dohani na dirisha ni lazima. Lakini sakafu ya samadi inaweza kubaki. Mama huchanganya kinyesi cha ng'ombe na udongo, akainama na kusiriba kwa kiganja, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, na kila mpapaso huacha upinde wa vidole vyake. Hakuna kigae chenye alama hiyo.

Na anayetaka jiwe, jiwe lipo. Tabaka, huko Mugirango Kusini, huchimbwa mawe ya sabuni: meupe, ya waridi, ya kijivu. Ni jiwe lilelile lililompa jina mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO, Paris. Ni laini, hivyo halifai sakafu ya kupitwa kila saa, lakini huvumilia moto: kuzunguka jiko au mahali pa kuota moto, hakuna linalolizidi. Inasikitisha kuona nyumba za Suneka na Keroka zikipambwa kwa vigae vilivyovuka bahari ilhali machimbo yako mwendo wa matatu tu.

Msomaji unayepanga kwenda nyumbani Desemba hii, kabla ya kumpigia fundi simu, kaa na mama jikoni jioni moja. Muulize alilinunua lini bati la kwanza, nani alipanda ule mti wa omotembe uani, na ni kitu gani asingependa kiguswe. Kisha mwite fundi naye asikie.